Nauli ya Kwenda Maskati

Kabla ya kubonyeza kitufe cha mwisho, vijana wangu, ondoeni kidole. Kitieni mfukoni ikiwa hamwezi kukiamini. Kisha someni ukurasa wote, kuanzia juu hadi chini, pamoja na yale maandishi madogo ya kijivu ambayo aliyeyaandika hakukusudia yasomwe. Mimi nimekata tiketi za ndege katika kisiwa hiki cha Mombasa kwa miaka thelathini na mmoja, kwanza kwa kalamu, baadaye kwa kompyuta, na sijapata kuona hasara iliyojificha katika ukurasa wa kwanza. Hasara hukaa mwishoni, pale ambapo msafiri ameshachoka na moyo wake umeshatangulia aendako.

Nayaandika haya kwa sababu kila Ijumaa, baada ya sala, mnanizunguka barazani hapa Mji wa Kale na simu zenu mikononi, na kila mmoja ana lake alilolisikia. Huyu amesikia kwamba ukilipa kwa shilingi zetu hukatwi kitu. Yule amesikia kwamba kadi ya ng'ambo haitozwi ada. Nikiuliza nani alosema, mnatazamana.

Swali hilo si langu. Nimelirithi kwa dada yangu, Rukia, aliyenilea baada ya mama yetu kufariki. Nilikuwa nikirudi chuoni na habari za njiani, naye yuko jikoni anakuna nazi. Hakuwa akigeuka. Huuliza tu, "Nani alosema?" Nikikosa jibu, habari ile ilikufa papo hapo mlangoni, nami nikatumwa maji.

Ofisi yetu ilikuwa mwendo mfupi kutoka Marikiti, karibu kiasi kwamba wateja wengine waliingia wakinukia vitunguu. Mkuu wangu alikuwa Bwana Katana, Mkristo wa Kaloleni, mtu wa shati jeupe na wino mwekundu. Siku ya kwanza alinipa kitabu cha tiketi tupu na kunikataza kukiandikia kwa wiki mbili. Kazi yangu ikawa kukitazama. Tiketi ya siku hizo ilikuwa kijitabu chembamba, kila safari na karatasi yake, na mgongoni mwa kila karatasi kuna kaboni nyekundu. Ukilegeza kalamu, karatasi ya chini haisomeki, na abiria wako anakwama katika mji usioujua wewe wala yeye. Hadi leo kidole changu cha kati kina sugu.

Nauli za kimataifa zilijengwa kwa kipimo maalumu ambacho hakikuwa sarafu ya nchi yoyote. Ukishajumlisha, ndipo ukageuza kuwa shilingi, kwa kiwango kilichobandikwa ukutani asubuhi hiyo. Mimi, kwa ujuvi wa ujana, nilimgeuzia mteja mmoja nauli yake kwenda kwenye dola, kisha kutoka dola kuja kwenye shilingi, nikidhani naonyesha elimu. Bwana Katana aliitazama hesabu yangu kwa muda, akaitia mstari mwekundu.

"Omari, umepata kukaanga samaki?"

"Nimepata, Bwana."

"Ukimgeuzageuza huwaje?"

"Humenyuka."

"Basi na fedha ni hivyo. Kila ukiigeuza inaacha nyama kaangoni. Na kaango si lako."

Nimewahi kusoma miongozo minene iliyosema jambo hilo kwa maneno mengi, wala haikulisema vizuri zaidi. Lishikeni, kwa maana ndilo linalowaponza leo. Shirika la ndege za bei nafuu limetangaza nauli kwa sarafu yake. Mnapofika kwenye malipo, linatokea kisanduku kwa upole mkubwa: je, ungependa kulipa kwa shilingi za Kenya? Mara nyingi alama ya kukubali imeshatiwa kabla hujaulizwa. Nanyi mnafurahi, kwa kuwa shilingi mnaijua. Hamkuuliza ni nani aliyeigeuza. Ameigeuza muuzaji, au wakala wake, kwa kiwango alichojipangia mwenyewe, na faida yake ameshaipachika ndani. Ondoeni ile alama. Lipeni kwa sarafu ambayo nauli ilitangazwa nayo, ili benki yenu iigeuze, mara moja.

Sikusema benki yenu inafanya bure. Nendeni mkaulize inatoza nini mkilipa kwa fedha za kigeni, na mtake jibu kwa maandishi. Zipo kadi zetu ambazo, mkilipa kwa yuro, huigeuza kwanza kuwa dola, kisha shilingi; huyo ni samaki aliyegeuzwa mara mbili. Ikiwa shirika linakubali dola nanyi mna akaunti ya dola, hamna haja ya kaango. Na ikiwa shirika linatoza ada kwa kadi ya namna fulani, jaribuni namna nyingine, au ulizieni malipo ya simu, au nendeni kwa wakala mkalipe taslimu, kisha mlinganishe jumla za mwisho. Jumla ya mwisho ndiyo nauli. Ile ya ukurasa wa kwanza ni salamu tu.

Sasa nitawaambia kwa nini mtu ajuaye yote haya alichelewa kufika Maskati.

Dada Rukia aliolewa na mtu wa huko nikiwa na mwaka wa tatu kazini. Tiketi yake niliiandika kwa mkono wangu. Nauli ya kwenda tu ilikuwa ghali kuliko ya kwenda na kurudi. Yalikuwa mambo ya ajabu lakini ya kweli, nami nilikuwa nimeyasoma kitabuni, sikuambiwa. Basi nikamkatia ya kwenda na kurudi, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa rahisi. Karatasi ya kurudi ilibaki kwake. Muda wake uliisha baada ya mwaka, lakini kila Idi akipiga simu alikuwa akisema, "Tiketi yangu ya kurudi n'nayo, Omari. Ni wewe tu hujaja kunitwaa."

Nami nikimjibu, "Nauli ikishuka, Dada."

Nilikuwa nikijua nauli hushuka lini. Nilijua miezi, siku za wiki, na vituo vya kubadilishia ndege. Niliwapeleka matajiri wa Kizingo London na wachuuzi wa Marikiti Dubai, na kila mmoja nilimtafutia njia ya nafuu. Yangu mwenyewe niliingojea ile iliyo nafuu kuliko zote. Ilipotokea, nikasema pengine mwezi ujao itazidi kushuka. Dada akazaa, akafiwa na mumewe, akaozesha. Mimi nilikuwa napiga hesabu.

Nilipokwisha kustaafu, mwanawe Suleimani alinipigia simu. Alisema mama yake ana presha ya macho, na daktari amesema nuru inapungua wala hairudi. "Mjomba, Mama anataka kukuona ungali waonekana," aliniambia. Alijaribu kucheka, hakuweza.

Nilitafuta nauli siku ile ile. Ilikuwepo, ya shirika la bei nafuu, kutoka Mombasa kwa kubadilisha ndege njiani. Nikafika kwenye ukurasa wa mwisho, nikaona kisanduku, nikaona na ada ya kadi. Damu ya kazi ikanipanda. Nikampigia Suleimani kulalamika, naye akasema, "Mjomba, kwani ulipe wewe? Kadi ya huku haikatwi ada. Wote huku wawalipia jamaa zao hivyo. Nipe jina lako lilivyo kwenye pasipoti, basi."

Sikumuuliza nani alosema.

Hapa lazima niwarudishe ofisini kidogo. Mwaka mmoja bwana mkubwa wa Kizingo alimtuma dereva wake na kadi ya benki, amkatie tiketi. Dereva alikuwa tayari hata kutia sahihi, alisema ameizoea. Bwana Katana aliirudisha kadi kwa vidole viwili. "Kadi bila mwenyewe," alisema, "ni barua ya posa bila mposaji." Baada ya nusu saa yule bwana aliingia mwenyewe, jasho linamtiririka, sauti inatangulia mbele yake. Bwana Katana alisimama kwa heshima zote, akamvutia kiti.

"Karibu sana, Bwana. Naam! Sasa kadi imekuja na miguu yake."

Ofisi nzima iliinamisha vichwa kwenye madaftari, mabega yanatikisika. Lakini kanuni ilikuwa kanuni, na inaendelea hata leo: mashirika mengi yana haki ya kumtaka abiria aionyeshe kadi iliyolipia tiketi, kwa kuogopa kadi za wizi. Imeandikwa katika masharti. Mimi ndiye niliyemfundisha kanuni hiyo Kadzo, msichana wa Rabai aliyekuja kuwa karani wangu bora kabisa. Wakati mmoja nilimrudisha nyumbani kwa siku nzima, kwa kuwa alimkubalia mteja kadi ya shemejiye. Alilia, nami sikumbembeleza.

Asubuhi ya safari niliamka mapema nikanunua kikuba. Nyinyi wa mitandaoni mnakijua kwa picha: asumini na vipande vya mkadi vimefungwa pamoja na rehani, mwanamke hukibandika kifuani au nyweleni. Dada alikuwa ameniomba kitu kimoja tu. "Huku kuna kila ubani," alisema, "lakini kikuba cha kwetu hakuna. Niletee, japo kimesinyaa." Nilikifunga katika jani la mgomba, jani nikalitia katika kitambaa chenye maji, nikakiweka juu kabisa ndani ya mkoba.

Kwenye kaunta ya uwanja wa ndege alikuwa Kadzo. Sikujua kama amehamia huko. Alisimama aliponiona.

"Shikamoo, Bwana Omari! Hatimaye na wewe unaruka?"

"Marahaba, mwanangu. Hatimaye."

"Tulikuwa tukisema wewe ni kama kibao cha barabara. Unaonyesha watu njia, mwenyewe huendi."

Nikacheka. Alichukua pasipoti yangu, akapiga vitufe, na tabasamu lake likaanza kupungua taratibu, kama taa ya kibatari inapokwisha mafuta. Alisoma mara ya pili. Nilijua anachokisoma. Nilikijua kabla hajafungua kinywa.

"Bwana Omari, hapa nimetakiwa nione kadi iliyolipia."

"Ni ya mpwa wangu. Yuko Maskati."

Aliniuliza jina la mpwa wangu. Nikamtajia. Akatikisa kichwa, jina lililoandikwa lilikuwa jingine. Nilimpigia Suleimani papo hapo. Kumbe kadi yake ilikataa siku ile, naye, kwa kuwa kwao huko kadi hupita mikononi mwa marafiki kama kikombe cha kahawa, akatumia ya mwenzake wa kazini. Mwenzake yuko Salala, mbali kusini mwa Omani, simu imezimwa. "Mjomba, samahani. Mjomba, mwambie huyo dada ni ndugu wote hao!"

Nyuma yangu foleni ilikuwa imeanza kuguna. Kadzo aliinama kuelekea kwangu, akasema kwa sauti ya chini sana, "Wewe ndiye uliyenifundisha. Kadi ije na miguu yake."

"Na umefanya sawa," nilimwambia.

Nilisema kweli. Kama angenipitisha ningefurahi kwa saa moja na kumdharau maisha yangu yote. Aliniuliza kama ampigie simu mkuu wake. Nikamwambia asijiharibie kazi. Niliuchukua mkoba wangu nikaketi kwenye kiti cha nje, nikafungua kile kitambaa. Kikuba kilikuwa bado kimesimama vizuri, kinanukia uwanja mzima. Mfagiaji mmoja, mama mtu mzima, alipita na ufagio wake akasimama. "Kwani kuna harusi, baba?" akauliza. Nikampa.

Nilimpigia Dada kumweleza. Akasema, "Wewe! Omari wa 'masharti ni masharti'! Umezuiliwa na masharti yako!" Akacheka hadi akakohoa. Nilimuuliza macho yakoje. "Mato yangu ni papo hapo," alisema. "Yako vilevile. Wewe njoo tu."

Nikaamini. Hilo nalo sikulitakia ushahidi.

Fedha za tiketi zilirudi kwenye kadi iliyozitoa, kama ilivyo kanuni: si kwangu, wala si kwa Suleimani, bali kwa yule mwenzake wa Salala, wiki nyingi baadaye, nazo zikiwa zimepungua kwa kugeuzwa mara ya pili. Lichukueni hili nalo: marejesho hupita njia ile ile yaliyojia, na lile kaango liko pale pale likingoja. Wakati huo likizo za shule zilikuwa zimeingia na nauli imepanda. Ningeweza kukata vilevile. Mkono wangu ulikataa; umezoea kungoja. Basi nikangoja ishuke. Ilishuka katika mwezi wa tatu.

Safari hii nililipa kwa kadi yangu. Na kwa kuwa siamini kitu nisichokipima, nilifanya jaribio ambalo nawausia mlifanye. Nililipia mzigo wa kwenda na mzigo wa kurudi kwa malipo mawili tofauti, uzito mmoja, bei moja, ndani ya saa moja. Wa kwanza nililipa kwa shilingi, kama kisanduku kilivyonisihi. Wa pili nilikikatalia kisanduku, nikalipa kwa sarafu ya shirika. Kisha nikaenda hadi tawi la benki nikachapishiwa taarifa yangu, nikaketi nayo mezani, rula mkononi. Ule wa shilingi ulikuwa umezidi, hata baada ya benki kuchukua ada yake kwa ule wa pili. Karatasi ninayo. Atakayetaka aje aione. Msiichukue kwa kuwa nimesema mimi.

Siku ya safari Kadzo alikuwepo kwenye kaunta. Aliitazama kadi, akaitazama miguu yangu, akanipa kiti cha dirishani.

Nilifika Maskati adhuhuri. Suleimani alinichukua, na njia nzima alizungumzia joto. Nyumbani kwao nikavua viatu, nikatoa salamu mlangoni. Dada alikuwa ameketi kwenye godoro la baraza, amevaa leso ya kwetu, mdogo kuliko nilivyomweka akilini. Aliitikia salamu kwa furaha, akageuza uso wake wote kunipokea. Aliugeuzia kwenye nguzo iliyokuwa upande wangu wa kushoto.

Suleimani alitazama chini. "Tangu mwezi uliopita, Mjomba," alisema. "Alinikataza nisikwambie, usije ukaghairi safari."

Mwezi uliopita nilikuwa nikingoja nauli ishuke.

Niliketi karibu yake nikamwekea mkononi kikuba kipya, nilichokinunua alfajiri ile Mombasa. Alikileta puani akakaa nacho, na kifua chake kikapanda na kushuka mara nyingi. Kisha akaanza kuniuliza, swali baada ya swali, kama alivyokuwa akinihoji jikoni. Roshani ya nyumba yetu ingaliko? Ingaliko, nguzo moja imebadilishwa. Bi fulani wa mkate wa sinia? Amefariki, mjukuu wake anaupika, lakini haufanani. Nilijibu kila kitu kwa usahihi. Nilikuwa nikijua kwamba kwake sasa hakuna ushahidi ila maneno yangu.

Akaingiza mkono chini ya mto akatoa karatasi iliyokunjwa, laini kama kitambaa. Ilikuwa tiketi yake ya kurudi.

"Yasomeka bado?"

Niliipeleka kwenye mwanga. Kaboni ilikuwa imepauka. Tarehe zimekwenda, namba zimekwenda, na hata jina lake limekwenda. "Imebaki neno moja," nilimwambia. "Mombasa."

"Basi latosha." Akaikunja tena. "Na wewe, Omari? Mimi nilikuacha na ndevu nyeusi, hata hazijakutana."

Ningeweza kumwachia zile nyeusi. Nani angenipinga? Lakini sikuwa nimewahi kumpa Dada habari isiyo ya kweli ikapita mlangoni, na sikutaka kuanza siku ile.

"Nimezeeka, Dada. Ni nyeupe zote. Haikusalia hata moja."

Aliinua mkono wake unaonukia asumini, akautafuta uso wangu, akazipitisha ndevu zangu vidoleni taratibu, kutoka shavu hadi shavu, kama mtu asomaye ukurasa wote, kuanzia juu hadi chini.

"Nani alosema?" akauliza.